Zawadi gani nimpelekee wifi anayehamia nyumba ambayo haijaisha? (Pongwe, Tanga)

mama_wawili_makorora

Habari za mchana wanajamvi, wakubwa shikamooni. Naombeni mawazo maana kichwa kimegoma. Wifi yangu mkubwa, dada yake mume wangu, anahamia kwake Pongwe Jumapili ya wiki ijayo, kuna kisomo baada ya alasiri halafu chakula. Ni mwalimu wa shule ya msingi, kajenga kwa mkopo na vikoba, msingi ulikaa mpaka ukaota nyasi, watu wamemsema weee mpaka wakachoka, leo kaezeka na anaingia. Sasa nyumba yenyewe ndo hizi zetu za kuhamia huku unamalizia ukiwa ndani, mbele madirisha ya alumini, uani kaziba na mabati, sebuleni kuna vigae ila vyumba vyote bado rafu, na jiko liko nje chini ya turubai.

Bajeti laki moja, naweza kuvuta kidogo ila sio sana. Mume wangu anasema tia hela kwenye bahasha mpe yaishe. Mi sitaki, huyu dada nilipojifungua alihamia kwangu akanikanda arobaini nzima, kwahiyo nataka kitu atakachokitumia kweli na akikiona anikumbuke. Glasi na hotpoti najua zitakuja za kumwaga, nishawasikia mawifi wengine wakizitaja. Nyie mnapeleka nini?

fundi_wa_kange

Peleka saruji. Sitanii.

Mtu akishahamia ndo hela inakata, nyie mnamjazia kabati vyombo na chumba cha watoto kinatimka vumbi, mtoto anakohoa usiku kucha. Chumba cha futi kumi kwa kumi ukimwaga sakafu ya inchi moja na nusu, mifuko mitatu inatosha na ya kupigia nili (ule uji wa saruji wa kulainisha juu) inabaki. Kwa laki yako unanunua hiyo mifuko na mchanga wa kusaidia, chumba kimoja kinakuwa umekimaliza wewe.

Ila usiibebe siku ya shughuli. Lipia dukani hukohuko Pongwe, chukua risiti, siku fundi wake anaanza kazi ndo ikachukuliwe. Saruji ikilala chini kwenye rafu na unyevu huu wetu wa pwani inaganda mabonge, na akilazimika kuiweka ndani basi iwe juu ya mbao, isiguse ukuta, na aifunike nailoni.

bint_barabara_ya_nane

Fundi we umeumbwa bila haya 😂 mtoto wa watu aende kwa wifi yake, mbele ya mama mkwe na mashangazi, kila mtu anafunua zawadi yeye anafunua risiti ya saruji, Tanga hii hii? Hiyo habari itafika Chumbageni kabla yeye hajapanda daladala.

Mi nakushauri doti mbili za kanga nzuri na kitu kidogo cha jikoni. Ila dada angu jina la kanga lisome mara mbili dukani usije ukachagua kwa rangi tu, maana ukimpa wifi kanga imeandikwa MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA hata kama wewe hukuwa na nia watu watakaa kikao kutafuta ni nani anaambiwa. Chukua yenye dua.

fundi_wa_kange

Sasa hiyo kanga ndo ingemfaa, si mmesema watu walimsema msingi ukiwa na nyasi? 😂

kijana_wa_bajaji

Mnunulie umeme. Omba namba ya mita yake, ile ya tarakimu 11, unamnunulia LUKU kwenye simu yako unamtumia tokeni yake ya tarakimu 20 kwenye meseji anaingiza, kwisha. Nyumba mpya inakula umeme vibaya, leo fundi wa kuchomelea mageti, kesho mtu wa vigae na mashine yake ya kukatia, wote wanachomeka kwake na hakuna anayekumbuka kulipia uniti. Shemeji yangu nilimfanyia hivyo akanipigia simu usiku kunishukuru.

bint_barabara_ya_nane

Na utaufunga na utepe gani huo umeme?

bi_mkubwa_msambweni

Marahaba wanangu. Nimewasoma wote mna maneno yenu mazuri lakini naona mnamsahau mwenye shughuli. Mwanangu wa Makorora umesema wifi yako alikukanda, basi huyo sio mtu wa kumpelekea bahasha wala tokeni, bahasha mpe mumeo akampe dada yake kwa mkono wake, pembeni, ndugu wanajuana. Wewe mpelekee mkeka.

Sisemi hii ya plastiki inayouzwa kila kona, nasema mkeka wa ukindu. Kwenye kisomo watu wataukalia, wakishaondoka atausalia, jioni atautoa barazani watoto wale juu yake, akija mgeni wa Lushoto au Dar ghafla ndo kitanda chake. Na kwa nyumba ya vyumba vya rafu kapeti ni kumpa mtu mzigo, vumbi linaingia chini halitoki mpaka kapeti linakufa, mkeka unaukung'uta mlangoni unarudi kama ulivyokuwa.

Ukienda kununua usidanganywe na rangi. Ugeuze upande wa chini uangalie mshono, zile shupatu, kanda ndefu zilizosukwa, zilivyounganishwa, vuta kidogo kwa vidole viwili, ukiona mwanga unapita kwenye mshono urudishe. Halafu upitishe kiganja, ukindu ni laini na shupatu zake nyembamba, ukikukwaruza ujue wamechanganya na miyaa, na miyaa yake ni majamvi na vikapu. Rangi nayo ijaribu, lowesha kidole usugue pembeni, ikishika kidole itashika na kanzu ya sheikh Jumapili 😀. Na kama una mtu Pangani au vijiji vya huku pwani mwambie akuulizie kwa mama msukaji mwenyewe, unapata mkubwa na bei inakuwa ya kuongea.

Na kama hela inabaki tia udi na chetezo cha udongo. Kwetu nyumba mpya haiingiwi bila moshi, na siku hiyo kila mtu anadhani mwenzie kaleta udi.

mama_wawili_makorora

Shikamoo bi mkubwa. Hapo kwenye mkeka umenigusa maana kweli sijasikia hata mmoja anayeutaja. Swali tu, vile vyumba vya rafu si kuna unyevu unapanda, hautaota ukungu?

bi_mkubwa_msambweni

Marahaba mama. Utaota kama atautandika ukakaa hapo wiki nzima. Mkeka unatandikwa ukimaliza kazi yake unaviringishwa unasimamishwa kwenye kona, na siku mojamoja unaanikwa jua la asubuhi. La mchana kali linaukausha mpaka unakatika.

fundi_wa_kange

Na siku akimwaga hiyo sakafu (kwa saruji ambayo hamtaki kumnunulia) asitandike kitu juu mapema. Sakafu mpya inamwagiwa maji siku saba ishibe, halafu aiache ikauke mpaka weupe utokee. Kuna watu wanatandika wiki hiyohiyo, mkeka unatoka na michoro ya kijani kwa chini.

mkulima_wa_muheza

Mi nimechelewa. Kiwanja cha Pongwe kina nafasi, kwanini hakuna anayesema mti? Mletee mchungwa wa kubebesha. Mche wa kubebesha miaka mitatu minne unaanza kuzaa, ule wa kuotesha mbegu utamkuta kashastaafu. Bei yake ndogo kwahiyo haugombani na mkeka wa bi mkubwa.

Angalia kiungo, pale mche ulipounganishwa na shina la limao, kiwe kimeziba vizuri na hakina jeraha linalotoa utomvu. Mwambie wifi yako na umkazie kabisa, chochote kitakachochipua CHINI ya hicho kiungo akikate kikiwa kidogo. Watu wengi wanaona tawi linapanda kwa kasi lina miiba mirefu wanafurahi mti umekubali, kumbe hilo ni limao linaumeza mchungwa, akija kuvuna anavuna malimao makali halafu anasema aliuziwa mche feki.

Shimo futi mbili kwa mbili, udongo wa juu auweke pembeni auchanganye na samadi iliyooza ndo arudishie. Asiupande karibu na ukuta wala karo la choo, atembee hatua saba hivi. Na mbuzi! Pongwe mbuzi wanazurura kama wana hati za viwanja, bila uzio wa miiba mche hauonani na Jumatatu.

kijana_wa_bajaji

Mti mpaka uzae, umeme leo leo anawasha feni. Nasema tu.

mama_wawili_makorora

Hahaa kijana usinune, hiyo ya umeme nitaifanya mwezi ujao akishaanza kulalamika.

Jamani nimeamua. Mkeka wa ukindu, nina mamdogo Pangani nimeshampigia anasema kuna mama anasuka na ana mmoja mkubwa karibu unaisha, amebakiza kuunganisha shupatu za mwisho. Udi na chetezo nitapita sokoni Ngamiani. Na mchungwa mmoja. Nimemsomea mume wangu hapa hii ya saruji nikidhani atacheka, kumbe kanyamaza, baadae ananiambia bahasha aachane nayo atalipia mifuko mitatu kwa jina la dada yake, ila risiti atampa wakiwa wawili tu, kwahiyo fundi umeshinda kwa mlango wa uani.

Kilichobaki ni usafiri, natokea Makorora na mkeka, mche na watoto wawili, naona daladala haitanibeba.

bint_barabara_ya_nane

Kanga zangu mmezipita kimyakimya kama hamkuziona. Sawa.

mama_wawili_makorora

Wewe nawe, mkeka utafungwa na nini? Ntaufunga na doti ya kanga, yenye dua, nishaisoma mara mbili.

kijana_wa_bajaji

Chukua bajaji, kodi ya kwenda na kurudi mkubaliane kabla hujapanda, Pongwe ni mbali mtu akikufikisha bila kuelewana atakutajia bei ya Muheza. Mkeka unapita juu kwa pembeni ukifungwa kamba.

mkulima_wa_muheza

Mche ulazwe miguuni, usiushike umesimama. Upepo wa barabara kuu ukiupiga unavunjika palepale kwenye kiungo. Na umwagilie asubuhi kabla hujatoka, ile nailoni isichanwe mpaka ufike shimoni.