Nyumba ya bei nafuu jirani na kambi ya ndege za kivita

Binti wa Ligula, sasa Uingereza

Shikamooni wakubwa zangu. Nimepata kazi ya kutunza wazee huku mashariki mwa Uingereza, na dalali amenionyesha nyumba ya vyumba viwili, kodi yake ndogo kuliko zote nilizoziona. Ila ipo karibu na kambi ya jeshi la anga. Nilikwenda Jumapili, kimya kabisa, nikasikia hadi njiwa. Mwanangu ana miezi minane. Kuna aliyewahi kuishi jirani na ndege za vita? Zikizidi, mtu unalalamika wapi?

Mjomba, Mikindani

Marahaba mpwa wangu. Mimi nipo barazani Mikindani, kelele kubwa niliyonayo leo ni bodaboda moja isiyo na ekzosi, lakini huko Uingereza nimeishi chini ya hizo ndege miaka sita.

Kosa lako ndilo lililokuwa langu: Jumapili. Mazoezi huwa zaidi Jumatatu hadi Ijumaa. Dalali wangu naye alinipeleka Jumapili, sijui kwa bahati au kwa ujanja (jibu langu ninalo). Jumanne yake, tumeshahamia, chai ipo mezani, kijiko ndani ya kikombe kikaanza kugonga chenyewe, tin tin tin, kabla sijasikia kitu. Halafu ikaja ngurumo. Radi hupiga ikaisha. Ile ilikaa juu ya paa, na haijatoka vizuri mwenzake akafika.

Usiilinganishe na ndege ya abiria inayotua hapa Mtwara. Injini ya abiria ina pangaboi kubwa mbele, hewa nyingi hupita pembeni mwa moto na kuufunika mlio. Ya kivita ni nyembamba, hewa hiyo ya pembeni ni kidogo, na wakati wa kupaa rubani anaweza kumwaga mafuta mengine kwenye moto wa nyuma ili apate msukumo. Tena vile viwango vya kimataifa vya kelele vinavyozibana ndege za abiria, za jeshi haziguswi.

Kuhusu kulalamika, usipoteze nauli kwenda halmashauri. Mimi nilikwenda. Kijana wa afya ya mazingira alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akanionyesha kwamba sheria ya mazingira ya 1990 imeziweka kelele za ndege nje ya kero wanazoweza kuzishughulikia. Mahali pa kuandika ni Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, hata kama kambi wanaitumia Wamarekani. Na usiandike "ndege zinatusumbua". Nunua kaunta buku, weka tarehe, saa na dakika, ulikuwa mtaa gani, ndege ngapi, zimetoka wapi zikaelekea wapi. Langu lilipita kurasa thelathini. Mke wangu alikuwa akinicheka kwamba nimegeuka karani wa mizani wakati wa korosho.

Wapo waliofika mahakamani. Mwaka 2003 wenye jumba la Walcot Hall, jirani na kambi ya Wittering, waliishtaki Wizara kwa ajili ya ndege aina ya Harrier. Mahakama Kuu ilikubali kwamba zile kelele ni kero, lakini haikuzuia ndege kuruka kwa sababu mafunzo ya marubani yana faida kwa umma. Badala yake iliamuru walipwe pauni 950,000. Usianze kupiga hesabu, mpwa wangu. Wao walikuwa na jumba lao lililoshuka thamani, wewe ni mpangaji.

Dada wa Lindi, bado yupo Uingereza

Naongezea kwa mjomba. Dalali akikutolea ramani ya kelele akasema nyumba ipo nje ya mstari unaozunguka eneo lenye kelele, muulize ule mstari umepatikanaje. Huku kwa kawaida ni wastani wa kelele za saa 16, tangu saa moja asubuhi hadi saa tano usiku. Sekunde arobaini za ngurumo zinagawanywa kwenye kimya cha kutwa nzima. Ni kama kukoroga kijiko cha pilipili kwenye pipa la maji halafu useme pilipili si kali. Mtoto haamshwi na wastani.

Na uliza mazoezi ya usiku. Marubani wanahitaji giza. Desemba giza lipo tangu saa kumi na moja jioni, kwa hiyo wanaweza kumaliza mapema. Juni giza haliingii mpaka saa nne usiku, ndipo waanze, na wewe madirisha umeyafungua kwa joto. Kambi nyingi hutangaza mapema, fuatilia kurasa zao.

Mimi sijahama, mwaka wa tano huu, kodi kama hii siipati kwingine. Wangu ana miaka mitatu. Zikija anaweka kijiko chini, anaziba masikio kwa viganja, anasubiri, anaendelea na uji wake. Hata halii. Sijui nifurahi au vipi.

Binti wa Ligula

Asanteni sana. Nimempigia dalali, nimemwambia nataka kuiona tena Jumanne saa nne asubuhi. Akauliza ya nini wakati nilishaiona. Nikamwambia nakwenda kupima mapazia.

Mjomba, Mikindani

Nenda na mtoto.