Binti yangu ameadhibiwa kwa kumaliza hesabu kabla ya wenzake

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika nikiwa na hasira. Nimengoja siku tatu kwanza ili nisije nikaandika neno nitakalolijutia, lakini hasira haijapungua.

Jumanne niliitwa katika skuli ya msingi ya serikali anayosoma binti yangu, hapa Wete, Pemba, nikaelezwa kwamba mtoto amekosa nidhamu. Yuko darasa la tatu na ana umri wa miaka tisa. Nilipouliza kosa lenyewe ni lipi, niliambiwa kwamba amekutwa na kitabu cha Hisabati cha darasa la tano mapajani, chini ya dawati, wakati mwalimu akisomesha kujumlisha ubaoni. Kitabu kilichukuliwa, mtoto akasimamishwa nyuma ya darasa mpaka kengele ya kuondokea, na mimi nikatakiwa nitie saini karatasi ya onyo. Nikauliza kama kazi ya siku ile alikuwa ameifanya. Mwalimu alinifungulia daftari bila ya kusita: hesabu kumi, zote sahihi.

Alipewa kazi, akaifanya, akaipatia yote, kisha akajitafutia nyingine kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumpa. Hilo ndilo kosa. Karatasi sikuitia saini.

Jambo hili halikuanza Jumanne. Tangu darasa la kwanza, kila anapomaliza mapema hupewa shughuli ya kumshughulisha: afute ubao, akachote maji, asimame mbele aandike majina ya watoto wanaopiga kelele. Alipofika darasa la pili akawa anakusanya na kusahihisha madaftari ya wenzake. Nyumbani tulifurahi, tukaona mtoto wetu anaaminiwa na walimu, na hatukufikiri kwamba katika muda wote huo hakuwa akijifunza kitu. Miaka miwili ya kuandika majina ya wapiga kelele ni miaka mingi katika maisha ya mtoto.

Nieleze anajua nini, ili nisidhaniwe ni mzazi anayemsifu mwanawe tu. Msimu wa karafuu uliopita tulikuwa na wachumaji tisa katika shamba la marehemu baba yangu. Wachumaji hulipwa kwa kipimo cha pishi, na jioni karafuu zinapopimwa hupatikana pishi kamili na vibaba vya juu yake. Kila mtoto wa Pemba anajua kwamba vibaba vinne ni pishi moja. Binti yangu alikaa juu ya jamvi akawa anataja malipo ya kila mmoja kabla ya mimi kumaliza kuandika, na mchumaji mwenye pishi tano na vibaba vitatu alimhesabia kwa kuchukua pishi sita kisha akatoa robo. Hakuna aliyemfundisha njia hiyo. Nilipomuuliza ameijuaje, alisema kwamba sita ni nyepesi kuliko tano na robo tatu. Mtoto huyo ndiye anayesimamishwa nyuma ya darasa ili asitangulie mbele ya somo la kujumlisha.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba sisi wenyewe tunajua namna ya kumsomesha mtoto kwa kasi yake, na tunaijua tangu zamani. Mtoto huyu huyu asubuhi anakwenda chuoni, yaani chuo cha Kurani, kwa kuwa skuli yuko mkondo wa mchana. Chuoni wamekaa watoto wa umri mbalimbali katika ukumbi mmoja: mmoja yuko kwenye herufi, mwengine yuko katikati ya Juzuu Amma, na mwengine ameshavuka juzuu kadhaa. Kila mmoja ana mahali pake alipofikia, humsomea mwalimu, na akipasi husogezwa mbele siku hiyo hiyo. Sijapata kusikia mwalimu wa chuoni akimwambia mtoto aliyehifadhi sura yake kwamba asubiri mpaka wenzake wote wahifadhi. Aliyechelewa haonewi, kwa sababu naye anasikilizwa pale alipo. Mtoto anavua buibui la chuoni, anavaa sare ya skuli, na kwa hatua mia mbili za njia anageuka kutoka mwanafunzi anayesogezwa na kuwa mwanafunzi anayezuiwa.

Najua jibu litakalokuja, nalo ni idadi. Darasani kwao wapo watoto 84 na mwalimu mmoja, madawati hayatoshi, na wengine hawajaweza bado kusoma sentensi nzima. Simlaumu mwalimu kwa kuwashughulikia hao kwanza. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Madarasa mapya na skuli za ghorofa zinazojengwa Unguja na Pemba zinapunguza msongamano, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kilichohitajika Jumanne kilikuwa ni kumwachia mtoto kitabu chake. Hakikuhitaji ghorofa wala mwalimu wa pili. Skuli ile ile ina kabati la vitabu lililofungwa kwa kufuli, na sababu niliyopewa ni kwamba vitabu vikiguswa na watoto vitachakaa.

Mwezi mmoja kabla ya tukio hili nilipeleka ombi kwa mwalimu mkuu. Darasa la tano wanasoma mkondo wa asubuhi. Nyumba yetu iko karibu, na mwalimu wa chuoni alikubali kumwachia mtoto asubuhi mbili kwa wiki. Niliomba aruhusiwe kukaa katika vipindi viwili vya Hisabati vya darasa la tano, kisha mchana aendelee na darasa lake la tatu kama kawaida. Sikuomba arukishwe darasa, kwa sababu Kiswahili chake na maandishi yake ni ya umri wake, na rafiki zake wako darasa la tatu. Mwalimu wa darasa la tano hakuwa na pingamizi, na kiti nilisema nitakileta mwenyewe. Nikajibiwa kwamba haiwezekani, kwa kuwa jina lake halimo katika rejista ya darasa lile, na kwamba mtoto akizoea kutofautishwa na wenzake atajiona.

Hili la kujiona limenikaa moyoni, kwa sababu mtoto ambaye kwa miaka mitatu hajakutana na hesabu iliyomshinda ndiye aliye katika hatari ya kujiona. Akae na wakubwa, akosee, afute, arudie. Hapo ndipo atakapojua kwamba kuna asichokijua.

Tumesikia sana habari za elimu mjumuisho, na walimu wamekuwa wakipewa mafunzo yake. Msingi wake mkubwa ni Tamko la Salamanca, lililotolewa Hispania mwaka 1994, na mwongozo wa utekelezaji uliotoka pamoja nalo unawataja watoto wenye ulemavu na watoto wenye vipawa katika sentensi moja, kwamba skuli iwapokee wote. Nusu moja ya sentensi hiyo tumeichukua, na tumefanya vyema kuichukua. Nusu ya pili tumeiacha. Nchini India, shirika la Pratham limewasaidia mamilioni ya watoto kwa njia nyepesi: kwa sehemu ya siku watoto hawakai kwa madarasa yao, hupangwa kwa kiwango walichofikia katika kusoma na kuhesabu. Wao walianza kwa ajili ya walioachwa nyuma, lakini ukishawapanga watoto kwa kiwango, aliye mbele naye anapata mahali.

Sasa nije kwenye mtihani wa kumaliza skuli ya msingi, kwa sababu hapa ndipo ninapoona dhulma yenyewe. Baada ya mtihani huo serikali huwatafuta watoto wenye uwezo mkubwa na kuwapeleka katika madarasa ya vipawa na ya michepuo. Yaani tunakubali rasmi kwamba vipawa vipo, na tumevitengea nafasi. Lakini kabla ya hapo kuna miaka yote ya skuli ya msingi ambayo mtoto huyo anayetafutwa hapewi kitu. Nani basi anafika? Anafika yule ambaye mzazi wake amemlipia tuisheni kila jioni. Mtoto wa mvuvi wa Tumbe aliyezaliwa na akili kali, ambaye hana wa kumlipia, atasubiri wenzake tangu darasa la kwanza mpaka asahau kwamba alikuwa akisubiri. Elimu bila malipo ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964 ili akili ya mtoto isipimwe kwa mfuko wa babake, na baba yangu mimi, mtoto wa mkulima, aliingia skuli kwa tangazo hilo. Leo mjukuu wake ninaambiwa nimtafutie tuisheni. Maneno hayo niliambiwa ofisini, kwa sauti ya upole kabisa, kama ushauri mzuri.

Jana usiku nilimkuta anafanya kazi ya nyumbani. Hesabu ya tatu alikuwa ameiandika jawabu lisilo sahihi, kosa ambalo hakulifanya hata alipokuwa na miaka sita. Nikamwonyesha. Akaniambia, "Najua, baba. Nikikosea moja mwalimu ananirudishia daftari nifanye tena, napata kazi ya kufanya."

Nimeandika barua kwa afisa elimu wa wilaya na nitaipeleka Jumatatu asubuhi. Ndani yake nimeomba mambo mawili: vipindi viwili vya Hisabati kwa wiki katika darasa la tano, na kitabu kirudishwe. Mzazi yeyote wa Wete, Micheweni au kwengineko ambaye mwanawe anakaa kimya akisubiri, na aandike yake kwa maneno yake mwenyewe, aitie saini, tuzipeleke pamoja.