Tupeane uzoefu: Kupanda mlima wa volkano na kushuka siku hiyo hiyo, kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Mkazi wa Shangani
Habari zenu wana Kusini. Tuko vijana wachache wa Mtwara mjini, karibu wote tumekulia pwani. Mwakani Julai tunataka kupanda Mlima Rungwe kule Tukuyu, kupanda na kushuka siku moja. Kilele kiko karibu mita 2,960, na huku kwetu mlima wa namna hiyo hatuna. Waliowahi kupanda Rungwe, Hanang, Lengai au mwingine wowote wa volkano, tusimulieni. Siku yenu mliipangaje, na kitu gani hamkukitarajia? Nitakuwa na wadogo zangu, ndiyo maana nauliza mapema.

Mwalimu wa Newala
Nilipanda Rungwe na wenzangu wa chuo tukianzia Isongole, pale kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Wengi hupanga siku kuanzia saa ya kuondoka. Nyie anzeni na saa ya kurudi. Usiku wa kuamkia safari tulikubaliana kwamba ikifika saa saba mchana tunageuka, popote tutakapokuwa. Saa saba ilitukuta kilele tunakiona kwa macho. Mwenzetu mmoja akabembeleza tuongeze nusu saa, mwongozaji akakataa, tukageuka. Iliuma sana. Lakini tuliposhuka hadi kwenye mianzi, ukungu ulikuwa umeshatanda na njia haionekani vizuri, na tulitoka msituni jua linazama. Hiyo nusu saa tungeilipia gizani.

Na kumbukeni Tukuyu iko mbali magharibi. Kunakucha karibu nusu saa baada ya Mtwara. Saa kumi na mbili asubuhi mwezi Julai kule bado giza, kwa hiyo mkitaka kuanza mapema kila mtu awe na tochi yake ya kichwani. Msitegemee simu, baridi inamaliza chaji haraka.

Njia yenyewe inaanzia mashambani, inaingia msitu mzito, halafu mianzi, halafu nyasi na vichaka vya juu. Ardhi ni majivu ya kale yaliyogeuka udongo mweusi. Ukilowa unateleza vibaya, hasa wakati wa kushuka. Kuna na vile vijiwe vyepesi vyenye matundu, kama vya kusugulia visigino, vinaviringika chini ya kiatu. Aliyezoea kupanda Mtandi pale Masasi asidhani ni yale yale. Mwamba wa Masasi ni mgumu, unaukanyaga bila wasiwasi. Rungwe unapima hatua kwanza ndipo unaweka uzito.

Msitu ule ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ulizieni kibali mapema na mchukue mwongozaji wa pale pale. Mkiwa na bahati mtamwona kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 na ambaye hayupo popote duniani nje ya Tanzania.

Dereva wa Masasi
Lami ya Masasi, Tunduru, Songea ni nzuri. Ila msishuke kwenye basi na kupanda mlima kesho yake asubuhi. Lalani Tukuyu siku mbili.

Nesi wa Ligula
Namuunga mkono dereva, na sababu si uchovu peke yake. Sisi tunaishi usawa wa bahari. Tukuyu mjini tu ni zaidi ya mita 1,500, na ukipita mita 2,500 wapo wanaoanza kuumwa kichwa na kusikia kichefuchefu. Mtu akianza hivyo asimeze dawa ya maumivu akaendelea kupanda. Ateremke, na asiteremke peke yake.

Baridi nayo ipigieni hesabu. Kila mita 1,000 joto hupungua nyuzi kama 6. Mtwara ikiwa 28, kileleni tarajieni 10 hivi, na upepo bado hamjauhesabu. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, inakaa mwilini na kukunyonya joto. Bebeni ya kubadilisha, sweta, na koti la mvua, vyote ndani ya mfuko wa nailoni. Tafadhali mdogo wangu, hili la nguo kavu lisimamie wewe mwenyewe.

Kijana wa Nachingwea
Mimi nilipanda Ol Doinyo Lengai. Huo ni volkano hai, na mpango wake ni tofauti kabisa. Tuliondoka saa sita usiku ili tufike juu alfajiri, kwa sababu mchana hakuna kivuli hata kidogo. Lava yake ni ya ajabu: ina nyuzi 500 hadi 600 hivi, takriban nusu ya joto la lava za kawaida, inatoka nyeusi na baadaye inageuka nyeupe. Kushuka ndiko kulikonitesa magoti. Fimbo ni muhimu, na viatu viwe vimeshatembelewa, visiwe vipya. Kabla ya safari nilifanya mazoezi kwenye miinuko ya Rondo kule Lindi, kupanda na kushuka nikiwa na begi lenye maji.

Mstaafu wa Lindi
Nilifanya kazi Katesh, chini ya Mlima Hanang. Wanangu, msicheze na majira. Desemba 2023 sehemu ya mlima ule yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua ikameguka, matope yakaingia mjini na kuua watu. Julai mmechagua vizuri. Najua pesa ya korosho huku huanza kuonekana Oktoba na Novemba, na mtu hutamani asafiri hapo hapo, lakini wakati huo Tukuyu mvua zinaanza. Wekeni ya msimu huu, safari iwe kiangazi kijacho.

Mkazi wa Shangani
Shikamoo mzee, ahsante sana. Shikamoo mwalimu, nawe dada nesi. Vipi chakula na maji?

Mwalimu wa Newala
Marahaba. Maji lita tatu kila mtu, msitegemee kuyapata juu. Korosho za kukaanga mfukoni, mle kidogo kidogo njiani. Ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula huku kwetu, hata ikichemshwa haidumu safari nzima kutoka Mtwara, nunueni viazi na ndizi pale Tukuyu. Wadogo zako wana umri gani?

Mkazi wa Shangani
Mkubwa kumi na saba, mdogo kumi na mbili.

Mwalimu wa Newala
Wa kumi na mbili mpelekeni Daraja la Mungu, mto Kiwira, siku inayofuata. Lile nalo ni kazi ya volkano, na unalifikia bila kupanda mlima. Kwa Rungwe, asubiri kwanza.