Mrejesho: Ile kesi ya mwendo kasi Salgaa

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Nilikuja hapa kuuliza kama nikane shtaka la kwenda 66 kwenye eneo la 50, pale Salgaa, nikitoka Kisumu kurudi Nakuru. Niliapa kwamba kibao cha 50 hakikuwepo.

Yule aliyeniambia "rudi ukaone kwa macho yako" Mungu ambariki. Jumapili nilienda na shemeji yangu. Tuliegesha gari, tukatembea kandokando ya lami. Kibao kipo. Kimepauka na kimejaa vumbi la malori, lakini 50 inasomeka ukiwa mbali. Hatua chache mbele yake mama mmoja alikuwa anauza mahindi ya kuchoma, na watoto wanavuka kwenda kwake. Nilisimama pale nikanyamaza kabisa. Shemeji naye hakusema kitu.

Kwa hiyo nilikiri. Kwa kanuni za trafiki za Kenya za 2016, kuzidisha kilomita 16 hadi 20 kwa saa ni faini ya shilingi 10,000. Ningezidisha 15 tu ingekuwa 3,000. Hiyo kilomita moja iliniuma, sitaficha. Nilimweleza hakimu kwamba ni kosa langu la kwanza, akanitoza 5,000. Nililipa, nikapewa risiti. Dhamana niliyoweka bado naifuatilia.

Wakili mliyenishauri nimtafute sikumhitaji. Ila kama picha ya kamera ingeonyesha namba ya gari lingine, hapo ningekana bila kusita.