Mafunzo ya misaada ughaibuni: nahesabu madumu, sala zimekauka

Swali: Bwana asifiwe wapendwa. Huu ni mwezi wa pili niko nje ya nchi, mafunzo kwa vitendo kwenye shirika la Kikristo la misaada. Nilidhani nitawaka moto kiroho. Wapi! Nashinda ghalani nahesabu madumu na mablanketi, usiku nafungua Biblia nasinzia juu yake. Jana mama mmoja akaniuliza kwa nini namsaidia, nikababaika. Ningemhubiria?

Jibu: Pole mdogo wangu, nimepita humo. Kanuni za maadili za mashirika ya misaada za 1994 ziko wazi: msaada usitumike kueneza msimamo wa dini wala siasa. Aliye kwenye foleni ya mgao hawezi kukukatalia maombi. Ataogopa kukosa fungu lake. Ila huyu kauliza mwenyewe! Akishapokea haki yake, mjibu kwa ufupi na kwa kweli.

Madumu nayo usiyadharau. Kiwango cha Sphere, mwongozo wa kimataifa wa viwango vya chini vya misaada, ni angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Ukikosea hesabu, kuna mtoto hatanawa mikono. Mimi nilianza kuombea majina ya orodha ya mgao, moja moja, kalamu mkononi.

Muulizaji: Orodha! Sikuwaza kabisa. Asante dada.

Jibu jingine: Biblia isome alfajiri, kabla hujashika simu. Na Jumapili nenda kanisa la wenyeji hata kama lugha huijui. Nilikaa benchi la nyuma miezi mitatu bila kuelewa mahubiri, bibi mmoja akinifunulia ukurasa wa wimbo kila mara.