Mtihani wa uwakili: uliufanyaje mpaka ukapita? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu. Ushauri wa "soma kwa bidii" nimeshaushiba, tafadhali msiulete hapa. Nataka ulichofanya wewe mwenyewe, hasa pale ulipoharibu. Naanza na langu.

Mara ya kwanza nilianguka karatasi mbili: mwenendo wa mashauri ya madai, na uandaaji wa nyaraka. Sheria nilikuwa naijua, na hilo ndilo lililoniuma. Miezi 3 nilisoma, nikarudia, nikasoma tena, madaftari yamepakwa wino wa njano hadi huoni kipi muhimu na kipi si muhimu. Siku ya siku swali likasema: wewe ni wakili wa mdaiwa, andaa hati inayostahili. Nikaandika hati ya madai. Safi kabisa, aya zimepangika, mamlaka ya mahakama yapo, maombi yapo mwishoni. Ila ni ya mtu niliyetakiwa kupambana naye. Nilishtuka nikiwa kwenye ngazi nashuka, mwenzangu mmoja aliponiuliza, "Kwenye utetezi wako uliweka ile hoja ya ukomo wa muda?" Magoti yakalegea.

Mara ya pili sikuongeza vitabu. Kila asubuhi nilichukua swali moja la mitihani iliyopita, saa mezani, kalamu mkononi, daftari limefungwa. Wiki mbili za kwanza ilikuwa aibu tupu: mkono unauma (miaka yote nimezoea kuchapa), muda unaisha niko katikati. Na kabla ya kuandika neno lolote napigia mstari mambo matatu: mimi ni wakili wa nani, shauri limefika hatua gani, nimeombwa nini. Nikapita. Nawasilisha, tiririkeni.

Kalamu Nyeusi: Mkuu, umenikumbusha hati ya kiapo, yale maelezo ya maandishi ambayo mtu anaapa kuwa ni kweli. Kuna wakili mmoja wa makamo alijitolea kunisahihishia. Nilimpelekea kiapo cha aya 9, nikijiona mtaalamu. Akazikata 6. "Hizi ni hoja. Anayeapa anasema mambo anayoyajua, hoja mwachie wakili wake." Aya ya 8 nilikuwa nimeandika "nimeambiwa kwamba", akazungushia duara na kuandika: na nani? Maana habari ya kuambiwa lazima utaje chanzo chake. Halafu akageuza ukurasa wa mwisho, akautazama, akaugeuza tena kama anatafuta kitu kilichodondoka. Sikuwa nimeweka ile sehemu ya kuonyesha kiapo kimeapwa wapi, tarehe ngapi na mbele ya nani! Tangu siku hiyo kwenye mtihani nilikuwa naandika mwisho kwanza, chini kabisa ya ukurasa, ndipo napanda juu kuanza. Ushamba, lakini sikusahau tena.

Mama wa Zamu: Mimi nilisoma nikiwa na kazi na mtoto mchanga, kwa hiyo wanaoweza kusoma saa 8 kwa siku nawaheshimu tu. Nilikuwa na dakika 40, mtoto akilala. Nilifunga kitabu, nikajirekodi kwenye simu nikieleza mada moja, mfano tofauti ya kupitia hukumu na kukata rufaa. Kesho yake nikiwa njiani nasikiliza. Pale sauti inapoanza "eee… yaani…" ndipo nisipopajua. Narudi kusoma hapo tu.

Baadaye nikakuta kuna utafiti wa Roediger na Karpicke, Marekani, 2006. Waliosoma na kurudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima bila kutazama ndio waliokumbuka zaidi. Hapo nikaelewa kwa nini madaftari ya njano ya mleta mada hayakumsaidia, samahani lakini 😀

Konokono: Jina langu lina historia. Kesi ya Donoghue v Stevenson ya 1932 nilikuwa naisimulia kama ngano: mama kanunuliwa na rafiki yake chupa ya soda ya tangawizi, kanywa, kumbe ndani mna mabaki ya konokono. Nusu ukurasa! Msahihishaji akaandika pembeni neno moja: "Kwa hiyo?" Sikuwa nimesema mahakama iliamua nini, kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji wa mwisho hata kama hawana mkataba. Wala sikuihusisha na mteja wa kwenye swali. Sasa hadithi ya kesi naipa sentensi moja, uamuzi sentensi moja, wino wote uliobaki ni wa mteja.

Rufaa Moja: Kuhusu makundi ya kujisomea sikubaliani na wengi. Watu 10 ni mkutano wa hadhara. Sisi tulikuwa 3: mmoja anatunga tukio, wawili wanabishana, mtunzi anatoa hukumu na kifungu cha kuitetea. Ukikosa kifungu, hukumu imefutwa. Tulinuniana mara mbili.

Mgeni 10: Jamani, mtihani wangu ni baada ya siku 10 na bado sijamaliza kusoma maadili ya uwakili. Nilale saa ngapi?

Mleta mada: Lala kama kawaida yako. Maadili huwezi kuyakwepa, yanaingia hata kwenye maswali ya karatasi nyingine: mteja anakuomba ufiche hati, au mtu na mpinzani wake wote wanataka uwawakilishe. Chukua swali moja la zamani sasa hivi, usisome chochote kwanza. Andika, kisha utuambie umetumia dakika ngapi.

Mgeni 10: Nimerudi. Dakika 52. Swali lilikuwa la dakika 30, na (b) sijaigusa.

Mleta mada: Vizuri. Lala, kesho anza na (b).