Mmefuta "ulizia kwa mashine ya kusaga", mkatuwekea pini. Sasa wagonjwa wetu hawafikiwi!

Wakuu, heshima kwenu.

Nina hasira tangu Jumanne. Nilijizuia nisiandike nikiwa wa moto, lakini leo Ijumaa moto ni ule ule, basi naandika hivyo hivyo.

Kazi yangu ni kupanga safari za wauguzi wanaohudumia wagonjwa majumbani hapa Dar. Kituo sikitaji. Wagonjwa wetu wengi ni wazee waliopigwa na kiharusi, hawainuki kitandani. Muuguzi anakwenda kuosha kidonda cha mgongoni, kubadilisha mpira wa mkojo, kumwelekeza binti au mjukuu namna ya kumgeuza mzee. Asipofika leo, kidonda hakimsubiri mpaka kesho.

Miaka yote fomu ya kumsajili mgonjwa ilikuwa na kisanduku kirefu kimeandikwa "Maelezo ya kufika". Humo ndugu anaandika anavyoongea: "Shuka Chanika mwisho, chukua boda, mwambie mashine ya kusaga ya zamani. Kuanzia hapo nyumba ya tatu, geti la bluu. Ukipotea ulizia kwa mama wa vitumbua." Na muuguzi alikuwa anafika. Waliorudi bila kuiona nyumba nawahesabu kwa vidole.

Miezi mitatu iliyopita uongozi ukaleta mkandarasi wa kuboresha mfumo. Akaweka ramani ndani ya fomu. Ramani sina ugomvi nayo, niliitaka mimi mwenyewe muda mrefu. Lakini siku alipoiweka ramani, kile kisanduku cha maelezo akakifuta. Nilipomuuliza akanijibu mbele ya watu kwamba maelezo ya maneno ni data chafu, mfumo wa kisasa unatumia pini, ile alama ya mahali kwenye ramani.

Jumanne sista mmoja katoka hapa saa mbili na nusu asubuhi, mgonjwa yuko Chanika, ahadi ni saa nne. Simu ikamwongoza mpaka kwenye uwanja mtupu, pembeni watu wanafyatua matofali. Kauliza, hakuna anayemjua mzee huyo. Namba ya simu tuliyokuwa nayo ni ya kijana wa familia, haipatikani, yuko kazini. Sista kazunguka na boda mpaka nauli tuliyompa ikaisha. Saa tisa alasiri karudi ofisini na boksi lake la bandeji halijafunguliwa, macho mekundu. Jioni binti wa mzee akapiga: "Kaka, mlisema mnakuja saa nne. Baba nimemwacha bila kumfunga kidonda, nikijua mnakuja." Nilikosa la kumwambia. Akaongeza, "Kwetu kila mtu anapajua, si nilishawaandikia?" Ni kweli alituandikia, kwenye fomu ya zamani. Maelezo yake yamefutwa.

Usiku huo nikakaa na databesi. Si mtaalamu wa programu, ila nina ruhusa ya kusoma kumbukumbu, na zamani nilizunguka vijijini nikikusanya takwimu kwa ODK, programu ya kujaza fomu kwenye simu, kwa hiyo kodineti, zile namba za mahali kwenye ramani, si ngeni kwangu. Niliyoyakuta ndiyo yamenileta hapa.

Ukifungua fomu mpya, pini tayari imekaa katikati ya mji, pale Posta kwenye Sanamu ya Askari. Mtu asipoigusa, fomu haimuulizi chochote, inahifadhi pale pale. Mhudumu wa mapokezi ana foleni ya watu kumi, ramani inasuasua, anabonyeza "Hifadhi" anaendelea na mwingine. Matokeo yake wagonjwa wa Mbagala, Gongo la Mboto na Bunju wote wameandikwa wanaishi kwenye mzunguko wa Samora na Azikiwe. Nukta ya kuanzia ilipaswa kuwa TUPU. Kisicho na jibu kiachwe bila jibu, tujue kuna kazi ya kumpigia ndugu simu.

Halafu ukurasa wa kuhariri. Mhudumu mwangalifu akigundua pini iko Posta na kuisogeza hadi nyumbani kwa mgonjwa, mfumo unageuza namba. Wanaofanya kazi hii wanalijua tatizo hili vizuri mno: Leaflet, programu ya kuonyesha ramani aliyotumia mkandarasi, inataja latitudo kwanza kisha longitudo. GeoJSON, muundo wa kuhifadhi data za ramani, inataka longitudo kwanza, na kanuni yake imeandikwa wazi tangu 2016 kwenye waraka wa RFC 7946. PostGIS, databesi ya ramani, nayo ukiipa nukta inataka longitudo itangulie. Yeye kachukua huku kamwaga kule bila kubadilisha mpangilio. Dar iko karibu -6.8 na 39.28. Zigeuze hizo uone unatua wapi: Hispania, upande wa magharibi, jirani na mpaka wa Ureno. Yaani mhudumu aliyejali kuliko wenzake ndiye kazi yake imeharibiwa zaidi.

Na hili lilikuwa la kuzuiwa kwa mstari mmoja tu. Tanzania yote iko kusini ya ikweta, kati ya latitudo -0.9 na -12, longitudo kati ya 29 na 41. Namba ikitoka nje ya hapo, fomu ikatae. Umeweka ukaguzi kwamba namba ya simu iwe na tarakimu kumi, ukashindwa kukagua kwamba mgonjwa yuko Tanzania?

Kosa lililomrudisha sista ni lingine tena, na ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu halionekani kwa macho. Kwenye databesi pini ya yule mzee ni sahihi! Binti yake aliiweka mwenyewe akiwa nyumbani. Lakini orodha ya safari tunayoipakua kila asubuhi inakata kodineti, inabakiza tarakimu mbili tu baada ya nukta. Sasa pigeni hesabu. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Tarakimu mbili baada ya nukta ni kama kilomita 1.1, tatu ni mita 111, nne ni mita 11, tano ni kama mita moja. Ukikata kwenye mbili unamsogeza mgonjwa hadi kilomita nzima na zaidi kutoka kitandani kwake. Kwenye ramani nukta bado inaonekana iko Chanika, kila mtu anaridhika. Kumbe iko kwenye matofali.

Kitufe cha "Tumia mahali nilipo" nacho kinachukua mahali alipo anayejaza. Anayejaza ni nani? Mara nyingi ni mtoto wa mgonjwa akiwa dukani kwake Kariakoo, au mhudumu wetu mezani. Kompyuta ya mezani haina hata GPS, inakisia kwa mtandao, na inaweza kukosea kwa kilomita kadhaa. Brauza inaporudisha mahali inarudisha pia kipimo cha usahihi kwa mita. Mkandarasi amekipokea akakitupa. Kule kwenye ODK simu ilikuwa inatuonyesha kipimo hicho kinavyopungua, mita 40, mita 18, mita 6, nawe unasimama juani mpaka itulie, na kipimo kinahifadhiwa pamoja na nukta. Hapa nukta ya mita 5 na nukta ya kilomita 5 zimekaa safu moja, hakuna anayeweza kuzitofautisha.

Kisanduku cha kutafuta mtaa kilifanya kazi siku za mwanzo tu, sasa kila ukiandika kinajibu "hakuna matokeo". Nimechungulia: kila herufi unayobonyeza inatuma ombi kwenye seva ya bure ya Nominatim, ile ya kutafuta majina ya mahali ya OpenStreetMap, ramani huru inayochorwa na watu wa kujitolea. Masharti ya seva ile yako hadharani: lisizidi ombi moja kwa sekunde, na ni marufuku kuitumia kukamilisha maneno mtu anapoandika. Nadhani wametufungia, na wana haki. Seva ile inaendeshwa kwa michango, si ya mkandarasi aliyelipwa kuja kuinyonya.

Bado kuna ndugu wa mgonjwa mwenye bando la shilingi mia tano na mtandao wa kusuasua. Fomu haikubali kutumwa mpaka ramani imalize kufunguka. Nimepokea simu za watu waliojaza mara nne wakakata tamaa.

Na la faragha silipitii juu juu. Mfumo unatengeneza kiungo cha ramani chenye jina la mgonjwa na nukta ya nyumba yake, na viungo hivyo vinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya imezipa uzito wa pekee. Mzee asiyeweza kuinuka kitandani, nyumba yake inajulikana mpaka geti, na kiungo hakina hata nywila!

Mjue kilichonikera kuliko vyote. Ramani ile ya OpenStreetMap anayojivunia, kwa mji wetu haikushuka kutoka mbinguni. Tandale ilichorwa 2011, kisha kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukazungusha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mtaa kwa mtaa, pamoja na wenyeji, wakiandika mifereji, vichochoro na mipaka ya mitaa kwa ajili ya mafuriko. Walifika kwa kuuliza watu. Wewe unachukua kazi iliyopatikana kwa kuuliza watu, halafu maneno ya watu unayaita uchafu?

Ninachodai: kisanduku cha maelezo kirudi na yale ya zamani yarejeshwe kutoka kwenye nakala za akiba. Kata na mtaa vichaguliwe kwenye orodha. Namba ya nyumba ya anwani za makazi iandikwe pale ilipo, maana tangu zoezi la 2022 nyumba nyingi zina kibao, ingawa hizi za pembezoni zilizojengwa juzi hazina. Namba ya simu ya mtu anayeshinda nyumbani. Ramani ibaki, iwe ya hiari, ianze bila pini, na muuguzi akifika kwa mara ya kwanza aithibitishe akiwa mlangoni.

NYONGEZA: Mkuu uliyesema shida ni watumiaji kutofundishwa, nakuheshimu lakini hapana. Mhudumu gani atafundishwa kuzuia mfumo usikate tarakimu? Binti wa mzee alifanya kila kitu sawasawa.

NYONGEZA 2: Aliyeuliza kwa nini hatukuhamia Google Maps. Mkandarasi alianza nayo, akaacha akaunti bila kuiunganisha na malipo, ramani ikawa na kiza na maandishi juu yake. Hata tukilipia, makosa niliyotaja yako kwenye fomu yake na yatahama nayo.

Kikao na mkandarasi ni Jumatatu saa tatu asubuhi. Mwenye fomu ya usajili inayofanya kazi vizuri huko aliko, iwe ya maji, ya umeme au ya zahanati, aniwekee picha hapa kabla ya Jumapili jioni. Nataka niingie nayo mkononi.

Yule mzee sista alirudi kwake Jumatano. Binti alimwelekeza kwa simu, mashine ya kusaga, nyumba ya tatu, geti la bluu. Saa nne na robo alikuwa ameshaanza kuosha kidonda.